Shimo la Divai la Eliakim

Nina hasira, sitaficha. Wanawake wa kanisani walikuja kumaliza matanga ya mume wangu, Eliakim, kama tunavyofanya hapa Iyula: vyombo vyote nje, nyumba inasuguliwa, mfiwa anakalishwa mkekani asiguse hata ufagio. Nikakaa. Sikujua kwamba wamefika mpaka kwenye shimo la Eliakim.

Shimo lile alilichimba mwenyewe ndani ya stoo ya kahawa, akalijengea matofali. Alikuwa mwonjaji wa kahawa kiwandani, na Mfaransa mmoja, mnunuzi, alimletea kila msimu chupa ya divai nyekundu ya kwao. Eliakim akazilaza humo, vizibo visikauke, jua lisizione. Watu walimcheka, mzee wa kanisa gani anafuga pombe. Hata mimi nilimtania kwamba ana mke mdogo chini ya ardhi.

"Cheka tu," alisema. "Zabibu za hii moja zilivunwa mwaka tuliooana. Tutainywa tukitimiza miaka arobaini."

Ilibaki miezi michache, akafa. Nikaapa kwamba siku hiyo nitaifungua chupa yake, na iwe nzima kama alivyoitunza.

Sasa jioni ile ya matanga nainuka mkekani, nakuta chupa zote zimesimama uani juu ya bati, zimeshinda juani, zimesuguliwa kwa stilwaya na sabuni ya unga. Karatasi zote za majina na miaka zimebanduka.

"Mama Ruti, zilikuwa na ukungu vibaya mno," akasema Jenista, kiongozi wao. "Tumezitakatisha."

Mikono yake ilikuwa imechubuka. Nikasema asanteni dada zangu, nikaingia ndani nikalia, wakadhani namlilia marehemu.

Binti yangu Ruti, wakala wa forodha Tunduma, akaniambia kwenye simu kwamba divai ikipigwa jua huharibika. "Mwaga tu, mama. Nitakununulia nyingine hapo ng'ambo, Nakonde." Nyingine ya nini? Nikamkatia simu.

Siku ya miaka arobaini ilipofika Ruti hakuja, malori ya mteja wake yamekwama mpakani. Chupa ile ya mwaka wa ndoa niliitambua, ndiyo pekee yenye mabega ya kuteremka. Kizibo kikavunjika, nikaichuja kwa chujio la chai, nikamimina kikombeni. Ikanikausha ulimi. Nikasikia ladha ya ngozi, ya majani makavu, na mwishoni uchachu. Labda ni jua. Labda divai nzuri ikizeeka ndivyo ilivyo.

Jenista akapiga hodi. Kumbe Ruti alikwishampigia simu kumweleza habari ya jua. Akasimama mlangoni, hataki hata kukaa.

"Mama Ruti, tuliiharibu?"

Nilitamani kusema ndiyo, nimchome roho. Nikaonja tena, nikageuza uso kwenye kiti cha Eliakim ili nimuulize.

Hakuna mtu. Miezi yote ile nilipokea rambirambi, nikapeleka maua kaburini, lakini ni pale, kikombe mkononi, nilipoamini kwamba mume wangu amekufa.

"Sijui, dada," nikamwambia Jenista. "Mimi sijui."