Rasiberi ya Ol Doinyo Orok

Kwa miaka mitatu, kila mwezi, Mbeke Munguti alitoka Noonkopir akaenda Namanga kukwea mlima wenye msitu wa Ol Doinyo Orok, akitafuta rasiberi za mwitu. Alikuwa wa mkataba katika kituo kimoja cha utafiti. Alikata matawi, akayabana katikati ya magazeti, akaandika mahali, tarehe na rangi ya maua. Mikono yake haikukosa mikwaruzo ya miiba.

Aliyemwongoza ni Lekishon, mzee mchungaji wa pale chini ya mlima. Asubuhi moja ya ukungu alimpitisha korongoni, akamwonyesha kichaka chenye matunda ya manjano na majani meupe upande wa chini.

"Hii, mbuzi haigusi," alisema. "Babu yangu alikuwa anachemsha mizizi yake."

Mbeke alipiga magoti. Katika vitabu vyote hakuwahi kuiona.

Mwaka uliofuata makala ilitoka: mmea mpya umepatikana Kajiado. Aliyeuvumbua, iliandikwa, ni Daktari Wanjala, mkubwa wake, ambaye mlima ule aliuona kupitia kioo cha gari. Mbeke alimwendea ofisini na daftari lake la msituni.

"Daktari, hukuwa huko. Mimi ndiye niliuchukua."

Wanjala hakuinua macho. "Wewe uko na contract, Mbeke. Kazi yako ilikuwa kuchuma. Unataka nini ingine?"

Mkataba haukuongezwa.

Jumamosi akaenda kwa Lekishon. Alimkuta akinywesha mbuzi.

"Supa, mzee," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, daktari." Alimwita hivyo siku zote, na Mbeke hakuwahi kumsahihisha.

Alimsimulia yote, machozi yakimlenga. Lekishon alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamekuibia jina," alisema. "Na yangu, wewe uliandika?"

Mbeke akafungua daftari, akatafuta siku ile ya ukungu.

"Soma."

"Nimeonyeshwa na mchungaji mmoja," alisoma.

"Haya." Lekishon akawapigia mbuzi mluzi.

"Mzee, nitarekebisha. Twende juu tena, niandike upya."

"Njia unaijua sasa," alisema, akaondoka nao bila kugeuka.

Mbeke alitoa kalamu, akakata yale maneno, akaandika: Lekishon. Jina la baba wa mzee hakulijua, na hakuwa na uso wa kumfuata amuulize.