Mwanga Uishie Kifuani

Othmar alikisukuma kipande cha bati ndani ya taa ya gari kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mtoto na hataki alie. Ukutani, doa la mwanga likashuka, likatulia chini ya mstari wa chaki.

"Limelala," alisema.

"Limelala au limekufa?" Hamidu aliuliza akiwa ndani ya pikapu yake. "Huku juu sioni kitu. Nimekuomba taa, wewe unanifungia kibatari."

"Juu kuna nini, Hamidu? Unabeba samaki au popo?"

Walikuwa ndani ya ghala la kahawa la chama cha ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia Mbinga, ghala lilikuwa linashinda tupu, na mlinzi hakuona ubaya kuwafungulia. Milango ilifungwa, matundu ya paa yakazibwa kwa magunia, wakapata giza mchana kweupe. Kila mara Othmar alikung'uta gunia kuukuu mbele ya gari. Vumbi la maganda ya kahawa lilipopanda, mwanga ulionekana umbo lake lote, kama kitu unachoweza kukishika.

Taa yenyewe ilikuwa fupi kuliko kiganja, na sababu yake ilikuwa rejeta. Hamidu, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Kilwa, alifunga rejeta ya lori ili gari lisichemke likipanda na samaki kutoka Mbamba Bay. Rejeta ile ikameza nafasi yote nyuma ya taa. Taa za dukani zina bakuli lenye kina la kukusanya mwanga, hazikuingia. Na ukilifupisha bakuli, mwanga hutawanyika ovyo. Othmar hakulisomea jambo hilo popote. Alilijua kwa kuharibu mabati mengi.

Taa fupi za kwanza alizifunga mwaka uliotangulia, akazielekeza chini. Madereva wa stendi walicheka. Wakati huo magari ya mitumba yalikuwa yanaingia kwa wingi, taa zake zikimulika mpaka vilele vya miti, na za Othmar wakaziita taa zenye usingizi. Hamidu naye akasema anaona haya. Basi Othmar akalegeza skrubu, akaziinua. Hakudanganywa wala hakulazimishwa. Alichoka tu kuchekwa.

Jioni moja ya ukungu, kwenye kona za juu ya Tingi, gari la Hamidu lilikutana na Methodi, kaka wa Kunigunda, mke wa Othmar. Alikuwa anasukuma baiskeli iliyojaa usipa, dagaa wa ziwani, wakavu. Mwanga ulipiga ukungu, ukawa ukuta mweupe. Methodi akakanyaga mahali alipodhani ni ukingo wa barabara, na barabara haikuwepo. Hospitalini Litembo walimtibu wakamrudisha akiwa hai, ila mguu mmoja ulipona ukiwa mfupi.

Zamani Methodi hakubisha hodi kwa shemeji yake. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua vyungu, akamwambia dada yake, "Rudi nyumbani, huyu alikuoa gizani, hukumwona vizuri." Othmar alimwita mwizi wa mboga, na wote wakacheka hadi Kunigunda awafukuze. Ndivyo mashemeji walivyo. Sasa Methodi alibisha hodi, akangoja mlangoni. Alisema samahani, alisema asante. Alimwita Othmar "Fundi". Hakuwahi kulaumu. Laiti angelaumu.

Wazo la taa mpya Othmar alilipata shambani, Kunigunda akichimba ngolo mlimani, mashimo ya kuzuia maji ya mvua yamepangana kama vyumba.

"Kwa nini msichimbe shimo moja kubwa?" alimuuliza kwa mzaha.

"Uone litakavyokubomokea. Maji ya mlima huyakamati yote pamoja. Kila shimo na maji yake."

Ndipo alipoacha bakuli laini, akapanga vipande vidogo vya bati vilivyosuguliwa vikang'aa, kila kimoja kikitupa mwanga wake mahali pake: hiki mtaroni, hiki barabarani, wala hata kimoja usoni kwa mtu.

Na leo Methodi alikubali kuja kusimama mbele ya taa, mwisho wa ghala, akiegemea gongo lake la kutembelea.

"Washa ya kushoto," Othmar alisema.

Hamidu akawasha. Mwanga ulimfikia Methodi kifuani, ukakoma kama umekatwa kwa panga. Uso wake ulibaki kivulini.

"Unaonaje?"

"Nawaona, Fundi. Naona rejeta. Namwona na Hamidu anapiga miayo."

"Naota samaki wangu," Hamidu alijibu, na sauti ya Methodi ilikaribia kucheka. Othmar alishusha pumzi.

"Ya kulia."

Mwanga ulimpiga Methodi machoni. Aliinua mkono, akarudi nyuma, gongo likateleza sakafuni. Akajiegemeza ukutani, amefumba macho.

"Zima! Zima, Hamidu!"

Kilikuwa kipande kimoja cha juu, kimepinda kwa upana wa ukucha. Othmar alikitazama kwa muda.

"Mimi jioni hii nateremka ziwani," hatimaye Hamidu alisema, polepole. "Wenzangu wananisubiri na samaki."

"Hushuki na taa hizi."

"Gari ni langu, Othmar."

"Taa ni zangu. Siku ile nilipaswa kukuambia hivyo."

Hamidu alimtazama Methodi, aliyekuwa anainama kulitafuta gongo. Akateremka, akaliokota, akampa. "Samaki wakioza, nitawala hivyo hivyo," alisema, akatoka kwenda kutafuta gari la kuazima.

Othmar alimsindikiza Methodi mlangoni.

"Nije saa ngapi kesho, Fundi?"

"Njoo asubuhi. Pitia nyumbani kwanza. Dada yako atakuwa ameweka chungu jikoni." Akasita. "Hakitakuwa na mlinzi."

Methodi alitazama chini, akalipanga gongo lake vizuri kwapani.

"Asante," alisema. "Nitabisha hodi."

Othmar alirudi ndani. Kwa chaki akaweka alama kwenye kipande kilichopinda, akaifunika taa ya kulia kwa kitambaa. Magunia ya paani aliyaacha yalivyokuwa, maana asubuhi giza lingehitajika tena.