Sakafu za Mkono wa Kushoto

Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, fundi na binti yake walikuwa nyuma ya nyumba namba thelathini na moja, wananyoosha kamba ya mwisho kabla ya kuchanganya zege. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke aliyehamia pale miezi minne iliyopita. Alikuwa amekaa na albamu yao ya nakshi siku tatu nzima, akairudisha ikiwa na vikaratasi kwenye kurasa kumi na moja, kisha akachagua nakshi ya ukurasa wa kwanza kabisa: mawe ya mtoni yaliyobanana, rangi ya majivu, na ukingo wa tofali nyekundu.

"Msije mkanifanyia kama ya jirani," alisema. "Ua wa jirani unafanana na keki."

Fundi alicheka. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, magoti yameota sugu. Mtaa ule wa nyumba mpya ulimwita Fundi Nakshi, kwa kuwa ndiye aliyeweza kumwaga zege likatoka jiwe, likatoka mbao, likatoka tofali, kwa mihuri ya mpira na rangi ya unga. Rangi alichanganya binti yake, mwenye miaka thelathini, na kwa rangi hakuna aliyemfikia, hata baba yake, ingawa mzee hakulisema hilo mbele ya wateja.

Walimwaga, wakasawazisha, wakanyunyiza rangi, wakapiga mihuri. Kufika saa saba mchana ua wote ulikuwa mawe matupu, kila moja na mikunjo yake. Wakafunika kwa nailoni, wakaosha vifaa, wakaenda zao.

Asubuhi yake nailoni ilipofunuliwa, mawe hayakuwapo. Zege lilikuwa limeshika vizuri, na ukingo wa tofali ulikuwa mahali pake. Ila katikati, badala ya mawe, palikuwa na mistari minne minne iliyopinda kama mwezi mchanga, safu juu ya safu, kama mtu aliyepitisha vidole kwenye udongo mbichi.

"Baba, ulibadilisha muhuri?"

"Muhuri gani? Sina muhuri wa hivi."

"Basi maji yalizidi."

"Labda."

Mwalimu alitoka na kikombe cha chai, akatazama, akasema hakuagiza hivyo, lakini si vibaya. Fundi alikuwa mtu asiyelala vizuri akiacha kazi nusunusu. Alisema kazi ni mawe, na mawe yatapatikana. Jumatatu wakakwangua juu, wakamwaga tabaka jipya, wakapiga mihuri upya. Jumanne mistari ilikuwa palepale, imekolea zaidi, na sasa upande wa kulia pametokeza kizingiti. Mistari yote ilianzia kushoto na kupindia kulia, kinyume cha mikono ya watu wengi.

Fundi alivua kofia, akakaa chini.

"Huyu alikuwa mashoto," alisema.

"Nani?"

"Mama yako."

Binti alikuja akachuchumaa kando yake. Wakaitazama sakafu kwa muda, kama watu wanaosoma barua moja.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ishirini na sita nyuma, pale kwenye mtaa wa nyumba mpya palikuwa na nyumba za udongo, kaya mia moja na arobaini. Mke wa fundi ndiye aliyekuwa akiitwa kusiriba sakafu za majirani, kwa sababu udongo wake haukupasuka, na kwa sababu ya ile michoro ya vidole aliyokuwa akimalizia nayo. Fundi wakati huo alikuwa kibarua wa kubeba kokoto tu. Jina la fundi lilikuwa la mkewe.

Kisha kampuni ya nyumba ilifika na karatasi. Karatasi ilisema eneo lote ni pori tupu lisilokaliwa na mtu. Wakazi walisomewa, wakaambiwa viwanja vyao vya kuhamia vinapimwa, wasubiri kidogo kwenye mabanda ng'ambo ya barabara kuu. Kile kidogo hakijaisha mpaka leo. Mama alifariki kwa kifua msimu wa pili wa mvua, humohumo kwenye banda, na hakuacha hata picha moja. Binti alikuwa na miaka sita. Alimjua mama yake zaidi kwa kusimuliwa: mfupi, mtani, mwenye kuimba nyimbo zote bila kujua maneno ya hata mmoja.

"Kwa hiyo chumba kilikuwa hapa," binti alisema.

"Hapa. Kitanda pale. Wewe ulilala huku katikati, maana ukilazwa ukutani ulikuwa unaupiga mateke mpaka majirani wanagonga."

Binti aliufuta mkono wake kwenye suruali, akauweka juu ya mistari minne. Vidole viliingia. Akauvuta taratibu kufuata pindo, akafika mwisho, akarudia safu ya pili, ya tatu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha mama yake. Hilo hakuwahi kusimuliwa na mtu.

Mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni, chai imepoa.

"Kwa hiyo hapa ni kwenu," alisema.

"Palikuwa."

"Mimi nimenunua kwa hati, Fundi. Sikujua."

"Najua, Mwalimu. Wala sina neno na wewe."

Mwalimu aliingia ndani, akatoka na vikombe viwili zaidi. Alivua viatu mlangoni kabla ya kukanyaga ule ua, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuukanyaga na viatu.

Habari ilienea kama zinavyoenea habari za mtaa wenye kuta fupi. Mwenye duka la dawa alimwita fundi amwagie kibaraza, akachagua mbao. Alichopata asubuhi ni mkono uleule wa kushoto, na alama za miguu mitatu ya kigoda. Nyumba ya pili yake walipata matuta ya mboga. Familia ya namba arobaini na tano walipata kwato za mbuzi, wakalalamika kwamba wenzao wamepata vitu vya maana. Fundi aliwaeleza kwa upole kwamba pale palikuwa na zizi na yeye hana la kufanya.

Baada ya hapo albamu haikuulizwa tena. Watu walisema tu, "Mimi nataka ile ya mkono," na fundi aliwajibu kwamba inategemea kilichopo chini. Kwenye nyumba ambazo mkono ulitokea, alichelewa kuondoka. Alijua sasa hii ni kwa mshona viatu, hii ni kwa wale mapacha, hapa mkewe alisiriba akiwa na mimba, maana safu zilikuwa fupi na alipumzika mara kwa mara. Binti aliacha kupiga mihuri. Alichanganya rangi peke yake, nyekundu ya udongo aliyoitafuta wiki mbili, na alipoipata baba yake aliitazama, akageuka upande wa pili kana kwamba kuna mtu amemwita.

Mwalimu ndiye aliyesema waandike barua. Aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, akaambatanisha mchoro wa mtaa wenye nyumba ishirini na mbili na sakafu zake. Kila mwaka fundi alikuwa akienda ofisi ya ardhi kuulizia viwanja, na kila mwaka aliambiwa kwamba pori halihamishwi. Safari hii alikuwa na sakafu.

Afisa alikuja siku ya Jumatano, na futi yake na rejista kubwa kwapani. Alikuwa kijana mstaarabu. Aliwasalimia wazee, akavua viatu bila kuambiwa, akapima chumba cha fundi kutoka kizingiti hadi ukuta, akapima cha mshona viatu, akapima zizi. Vipimo vyote vililingana na mchoro. Alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye mistari, lakini kwa mkono wa kulia, kwa hiyo havikukaa.

"Alikuwa na mkono mzuri sana," alisema.

"Asante," fundi alisema.

Afisa alifungua rejista, akasoma, akaifunga.

"Mzee wangu, rejista inasema pori."

"Na sakafu hii, mwanangu?"

"Sakafu mimi nimeiona kwa macho yangu. Rejista haijaiona."

"Si uiandike," Mwalimu alisema, kwa sauti aliyozoea kuitumia darasani.

"Safu ya wakazi ilishafungwa, Mama. Ipo safu ya maboresho ya ujenzi tu." Akaandika kwenye safu hiyo: zege la nakshi, hali nzuri. Akawaonyesha, ili wasome wenyewe. Kabla ya kuondoka aliuliza kama fundi angeweza kumwagia ua wa nyumba yake mwenyewe, ile aliyojengewa upande wa mashariki wa mtaa. Fundi alisema anaweza, ila kitatoka kilichopo. Afisa alifikiri kidogo, akasema basi atawasiliana.

Mwezi uliofuata kampuni ilichapisha vipeperushi vipya. Ua wa Mwalimu ulikuwa ukurasa wa mbele, na chini yake maneno: nyumba za kisasa, katika eneo lililokuwa bado halijaguswa. Mwalimu alisahihisha nakala yake kwa kalamu nyekundu, akairudisha ofisini kwao. Walimtumia nyingine.

Kiwanja cha mwisho kuuzwa kilikuwa cha pembeni, karibu na barabara kuu, na mnunuzi alitaka maegesho ya magari mawili. Fundi na binti yake walimwaga Jumatatu. Jumanne walifunua nailoni, wakakuta alama pana za matairi, seti tatu, na kuelekea kwenye alama hizo nyayo za watu, nyingi mno, za kubanana, zote zimeelekea upande mmoja na kukatikia palepale matairi yaliposimama.

Binti alitembea pembeni mwa zege, ameinama.

"Zangu sizioni," alisema.

"Hukutembea. Hizi hapa ni zangu." Fundi alimwonyesha nyayo mbili zilizozama kuliko zote. "Nilikuwa nimekubeba."

"Na mama?"

Fundi alimwonyesha. Zilikuwa ndogo, zenye vidole vilivyotanuka, zimekuja mpaka penye matairi, zikageuka, zikarudi kuelekea namba thelathini na moja, zikaja tena, zikarudi tena.

"Alikuwa amesahau nini?"

"Mara ya kwanza, sufuria. Mara ya pili alirudi mikono mitupu. Nilimuuliza, akasema ameenda kutazama tu."

Binti alichuchumaa pale, akaweka kiganja ndani ya unyayo wa mama yake, akakiacha humo. Fundi alisimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Walikuwa bado hivyo mwenye kiwanja alipofika. Alizunguka maegesho, akakagua nyayo, akakagua matairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema imetoka vizuri, na zaidi ya hapo haitateleza mvua ikinyesha. Alikuwa na swali moja tu.

"Litabeba gari, Fundi?"

"Lipe siku saba," fundi alisema. "Litabeba. Hapa palishabeba malori matatu."