Jina la Baba Mkwe

Mwaka ule Malkia alipovishwa taji, Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huku Mbozi alifungua nyumba ya kutunza watoto wadogo, ili mama zao wachume bila mzigo mgongoni. Watu waliiita nyumba ya vidudu. Niliposikia anatafutwa msichana wa kumsaidia Mwalimu Loisi, nilikwenda mbio. Kulea watoto! Kwetu, kijiji cha Mpemba, niliwabeba wadogo zangu wote, mmoja akishuka mgongoni mwingine anapanda. Nani angenifundisha nini?

Mwalimu Loisi alinifundisha kabla uji wa siku ya kwanza haujachemka. Alikuwa mwanamke wa misheni, mnene, mwepesi wa miguu, asiyependa maneno mengi ya watu wazima. Mtoto habebwi ovyo, aliniambia, anashikwa mkono na kuongozwa. Mtoto hanyimwi uji eti kwa sababu amelia. Na kila asubuhi, na kila wanapotoka nje na kurudi ndani, kila mtoto aitwe kwa jina lake, naye aitike.

"Si 'wewe', si 'baba', si 'mama'. Mtoto wa miaka mitatu ana nini chake zaidi ya jina, Ketrina?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Na kweli nilielewa. Kisha watoto wakaanza kuletwa, na mama mmoja wa Itaka akamsukuma mbele mwanawe mwenye kichwa kikubwa na kaptula ya kurithi. "Huyu anaitwa Kefa," akasema, akaenda zake kuchuma.

Kefa ni jina la baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe Rubeni mwaka mmoja tu, na Rubeni mwenyewe alikuwa Kopabelti kwenye migodi ya shaba. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mke huingia majanini akampa mgongo mpaka mzee apite. Walisema anayelitamka jina hilo hazai. Mimi mwaka mzima sikuwa nimeshika mimba, na mama mkwe alikuwa akinipima tumbo kwa macho kila nilipoinama kuchota maji. Ningethubutu vipi?

Ubaya zaidi, mzee alifanya kazi palepale. Ndiye aliyesimamia uanikaji wa kahawa, na meza zake za kuanikia, pamoja na tangi la kuoshea kahawa, zilikuwa bondeni, chini kidogo ya baraza letu. Nikikohoa angesikia.

Nilimweleza Mwalimu Loisi. Sikuficha hata neno.

"Hapa hakuna mkwe," alijibu. "Hapa kuna watoto. Jumamosi nitakaa nikusikilize. Ukimruka yule, Jumatatu usije."

Nikamruka wiki nzima. Nilijaribu kumwita "baba", kama tunavyowaita wavulana wote majumbani. "Baba, njoo unawe!" nikisema, wanakuja wavulana wanne na yeye hayumo. Wakati wa kuita majina nilikuwa nikifika kwake najifanya nakohoa, naenda kwa anayefuata. Mwanzoni alikuwa akininyooshea shingo, mdomo wazi, tayari kuitika. Kufika Alhamisi aliacha. Akawa anakaa pembeni na kikombe chake cha bati, hanitazami.

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba jina alijichagulia. Nilimkasirikia mama yake pia. Biblia nzima ile, majina yote yale, ukaliona hilo tu? Mshahara wenyewe haukuwa wa kutisha, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na kazi niliyoipenda, na watoto walikuwa wameanza kuning'ang'ania sketi wakisikia radi. Nilitaka kuwa mwalimu. Nilitaka pia kuzaa. Sikuona vipi nitavipata vyote viwili.

Jumamosi Mwalimu Loisi akaweka kigoda mlangoni, akaketi. Watoto walikuwa wanarudi kutoka kucheza. Nikaanza.

"Tabita."

"Bee!"

"Osea."

"Naam!"

Nikaendelea hivyo, sauti ikizidi kupungua, mpaka nikafika kwake. Nikakohoa.

"Na huyu?" Mwalimu Loisi akauliza.

Nikageuka kumtazama mtoto. Hakuwapo. Kikombe chake kilikuwapo pembeni, mwenyewe hayupo. Nikatoka hadi barazani, nikaangaza macho huku na huko, ndipo nikamwona kule bondeni, juu ya ukuta wa tangi la kuoshea kahawa. Alikuwa amechuchumaa, ananyoosha mkono kuzifikia kahawa nyekundu zilizoelea. Maji yale yalimfika mtu mzima kifuani. Baba mkwe alikuwa karibu naye kuliko sisi sote, lakini alikuwa amempa mgongo, anageuza kahawa kwa reki. Mimi hata ningeruka ngazi zote nisingewahi.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, rudi!"

Wavulana wanne wakanikimbilia sketini. Kule bondeni hakuna aliyegeuka, maana nusu ya wanaume wa shamba lile ni baba wa mtu. Mtoto akazidi kuinama.

"Kefa!" Sauti ilinitoka yote. "Kefa, kaa chini!"

Wakageuka wote wawili. Mtoto akaketi palepale juu ya ukuta, akitafuta nani amemwita. Mzee akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie katika ukoo wake, kisha akamwona mtoto juu ya ukuta. Akatupa reki. Sikujua kama anaweza kukimbia vile. Akamdaka mtoto kwa kaptula yake ya kurithi, akamkumbatia.

Wachumaji walikuwa wameacha kuchuma, mikono ndani ya matawi. Wote walikuwa wamesikia. Nikaanguka magoti, nikajifunika uso kwa kanga. Nilijua yamekwisha. Kabla ya jua kutua mama mkwe angekuwa na habari, na mimi ningerudishwa Mpemba na sanduku langu kichwani, tasa, mwenye mdomo mchafu. Mwalimu Loisi aliniwekea mkono begani.

Nilisikia hatua za mzee zikija, zikasimama mbali kidogo na ngazi. Nikachungulia. Alikuwa amenipa mgongo, kama desturi inavyotaka, na amemsimamisha mtoto mbele yake. Akasema naye, kwa sauti iliyotufikia sote.

"Somo yangu, hili jina tuko nalo wawili. Mimi nimelitumia miaka mingi, sasa linatosha. Kuanzia leo ni la kwako peke yako. Mimi wataniita Baba Rubeni. Umesikia? Mwalimu akiita, anakuita wewe, haniiti mimi. Wewe uitike."

Mtoto akafikiri. "Haniitagi," akasema.

Ningependa ardhi ipasuke inimeze.

"Ngoja," mzee akamwambia. "Atakuita."

Akasimama vilevile, mgongo kwangu, akingoja. Wachumaji nao wakangoja. Niliinuka nikishika nguzo ya baraza. Niliogopa, wala sitaki kudanganya, kuliko nilivyoogopa nilipomwona mtoto ukutani. Pale hofu ilinisukuma tu. Sasa ilinibidi nitamke kwa akili zangu zote, na mzee anasikia.

"Kefa," nikasema.

"Naam!" mdogo akaitika, akaja akipanda ngazi mbio kwa mikono na miguu.

Mzee hakugeuka. Alishuka kwenda kuokota reki yake.