Ukurasa Uliongoja Kivukoni

Alhamisi asubuhi Zacharie alikuwa anachota maji ndani ya mtumbwi wake kwa kopo, na abiria wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, wamejipanga ukingoni: mama wawili wa samaki wa moshi, mwenye baiskeli ya mihogo, na kurasa saba za mtandao. Kivuko kina sheria moja, Zacharie aliirithi kwa baba yake: anayefika kwanza anapanda kwanza. Hata mkubwa wa komini, mwenye serikali ya mtaa, anangoja. Wanaopishwa ni maiti na mama mwenye uchungu, basi.

Kurasa zilianza kuvuka mwezi ule kampuni ya simu ilipoleta forfait mpya ya zambarau, kifurushi cha mtandao. Mtu wa Lubunga akigusa simu, alichokiomba kinashuka mnarani huku mjini, kinatembea mpaka mtoni, kinangoja zamu. Nyimbo na mechi, ambazo forfait ilizitoa bure, zilikuja kama vijana wa mashati mapya, kitambaa cha zambarau mkononi. Wapiga kasia walilalamikia uzito tu.

Siku hiyo wa kwanza kufika alikuwa mama mwembamba wa koti la ofisi, amebana faili kwapani. Huyo ndiye ukurasa wa chuo cha wakunga, na aliyemwita ni Émilie, binti ya Zacharie. Émilie alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili akingoja nafasi hiyo. Uandikishaji wa majina ungefungwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Zacharie alifurahi kweli, akamketisha mbele kabisa.

Ndipo akaja Lambert, wakala wa kampuni, akasema zambarau watangulie. Zacharie akamtajia sheria. Lambert hakugomba.

“Papa Zacharie, njia iko wazi kwa wote. Hakuna mutu tunafungia. Bon, wengine wanatangulia, ni ile tu.”

Zacharie akatia kasia. Mtumbwi haukusogea. Maji yalipita chini yake kama kawaida, abiria wakashuka wakasukuma, wapi! Yule mama, aliyejua kwamba yeye si wa zambarau, akashuka mwenyewe. Vijana wa zambarau wakaingia, na mtumbwi ukaondoka mwepesi. Zacharie alipiga kasia mpaka ng'ambo, moyo unamuuma.

Aliporudi, zambarau walikuwa wameongezeka. Mitumbwi mingine nayo ilikuwa vilevile. Ijumaa komini iliita mkutano. Vijana wa mtaa walisema nyimbo zinafika haraka tena bure, mbona watu wanataka kuharibu? Zacharie alisema bure ya mmoja imemshusha mwingine mtumbwini. Mkubwa wa komini aliandika maneno ya pande zote mbili, akaahidi kuyasoma, akawakumbusha kwamba subira huvuta heri. “Mwenye nguvu mpishe,” akasema mama mmoja wa samaki, akajitwika beseni lake, akaenda zake.

Jumamosi mvua ilinyesha. Zacharie alimwomba yule mama ampe faili peke yake, alivushe mkononi. Alilipokea vizuri, lakini alipofika majini miguu yake haikuinuka. Alisimama pale mpaka saa kumi na moja ikapita, akamrudishia faili lake. Ng'ambo, Émilie alikuwa ameketi na simu mapajani tangu asubuhi.

Jumatatu mchana zambarau walipungua, na mama wa koti akavuka. Zacharie alimfikisha nyumbani. Émilie alimpa kiti, akampa lituma ya ndizi za kutwangwa na samaki, akaijaza fomu yote kwa mwandiko mzuri, jina la marehemu mama yake pia, ingawa tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa juu kabisa na wote watatu walikuwa wameisoma.

“Nilifika wa kwanza, mama,” ukurasa ukamwambia Émilie.

“Najua. Papa alinielezea.”

Mgeni akanawa mikono, akalibana faili lake kwapani.

“Mwaka kesho uniite mapema,” akasema. “Uniite mwezi wa tano, nianze kungoja.”