Antena Juu ya Paa la Mzee Chapa

Tangazo lilitoka Ijumaa. Tume ya kuchunguza moto wa kiwanda cha mashati ingeanza vikao Jumatano, na vikao vingerushwa moja kwa moja kwenye chaneli ya taifa, ile ya bure, kwa picha ya HD. Bi Cherehani aliisikia habari hiyo redioni akiwa anapinda suruali ya mteja. Akaondoa mguu kwenye pedali, akakaa na ile suruali mapajani mpaka taarifa ikaisha.

Miaka miwili alikuwa akiingoja siku hiyo. Binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda hicho. Moto ulizuka saa nne asubuhi, watu wamejaa kwenye mashine. Mlango wa mbele ndio ulioshika moto kwanza. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu kumi na tisa hawakutoka, na Kitinda alikuwa mmoja wao.

Meneja wa kiwanda ndiye angehojiwa siku ya kwanza. Bi Cherehani hakutaka kumsikia tu. Sauti ya mtu unaweza kuipaka sukari, alikuwa akisema, lakini uso ni kazi nyingine. Alitaka amwone anavyojibu, amwone macho yanaelekea wapi. Mji wa vikao ulikuwa mwendo wa siku nzima, na nyonga yake ilikuwa haimruhusu kukaa kwenye basi hata saa moja. Ilibaki televisheni.

Televisheni alikuwa nayo, tena kubwa, ya kubandika ukutani. Kitinda mwenyewe aliileta miezi michache kabla ya moto, akamwambia mama yake kwamba macho yamechoshwa na sindano, angalau awe anatazama watu bila kukunja uso. Wakati huo antena ndogo ya ndani iliyosimama juu ya kabati ilitosha. Kisha jengo la ghorofa nane likainuka ng'ambo ya barabara, na tangu hapo picha ikawa inakatikakatika, miraba ya rangi inatapakaa kwenye kioo, mtu anafumbua mdomo anaganda hivyo hivyo. Bi Cherehani hakujishughulisha nayo. Hakuwa na hamu ya kutazama kitu chochote.

Jumamosi akamwita fundi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyewahi kufanya kazi kwenye mnara wa kurushia matangazo kabla ya kujiajiri, na ndiyo maana wakamwita Fundi Mnara. Alipanda juu ya mabati na antena ya nje mkononi, akaizungusha kona zote nne za paa, akaifunga hata kwenye bomba la mita tatu. Chini, dirishani, Bi Cherehani alikuwa akimsomea namba za mawimbi zilizotokea kwenye kioo. Nguvu thelathini, ubora sifuri. Nguvu thelathini na tano, ubora kumi. Ubora sifuri tena.

Fundi akashuka, akapangusa mikono, akamweleza bila kumzungusha. Mnara uko nyuma ya lile ghorofa jipya, na jengo limekaa katikati kama mtu mnene mlangoni. Zamani picha mbaya ilikuja na chenga zake ukavumilia, lakini haya matangazo ya kidijitali hayajui nusu nusu: ama picha inakuja safi kabisa, ama haiji.

"Na kile kifaa cha kukuza mawimbi?" Bi Cherehani aliuliza.

"Busta inakuza kilichopo, mama. Hapa hakuna cha kukuza." Akatazama juu, akaonyesha kwa bisibisi. "Dawa yako ni pale. Ile nyumba ya ghorofa moja. Paa lake ni la zege, na pale juu mawimbi yanapita ubavuni mwa lile jengo. Waya tunauvusha juu ya kichochoro, basi."

Bi Cherehani alitazama kule alikoonyeshwa, akageuza uso. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa mtaa ule, hana hili wala lile, akauliza kama mwenye nyumba ni mgumu. Akajibiwa kwamba si mgumu.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Chapa. Alifanya kazi kiwanda cha kupiga chapa miaka arobaini, akastaafu na vidole vyenye weusi usiotoka na macho yaliyochakaa. Yeye na Bi Cherehani walikuwa majirani wa kuombana chumvi. Mkewe alipofariki, Bi Cherehani ndiye aliyeshona pazia jipya la chumba alicholala maiti, akakaa na msiba siku zote. Lakini mtoto wa pekee wa Mzee Chapa alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika kile kiwanda, na ndiye aliyefunga mlango wa nyuma asubuhi ile kabla ya kutoka kazini.

Mlinzi mwenyewe hakukana. Alisema aliamriwa afunge, na kwamba ufunguo alimkabidhi meneja, na yote aliyaandika kwenye daftari la zamu. Kampuni ikasema daftari liliungua na ufunguo haukumfikia mtu yeyote. Wiki ya pili baada ya maziko, kijana alikuja kwa Bi Cherehani kujieleza. Bi Cherehani alimwacha amesimama uani, akaendelea kuanua nguo, akazikusanya zote, akaingia ndani. Hakumpa neno. Mtaa nao haukumpa nafasi. Baada ya mwezi mmoja akahama, akaenda kulinda maghala mji wa mbali, na baba yake akabaki peke yake ghorofani, akishuka asubuhi kununua mkate na kupanda ngazi tena.

Jumapili nzima Bi Cherehani aliwaza na kuwazua. Alasiri akapiga moyo konde, akavuka kichochoro.

Mzee Chapa alifungua mlango, akamtambua kwa sauti kabla ya kumwona vizuri. Bi Cherehani hakutaka kuingia. Alisimama pale pale, mkono ukutani kwa ajili ya nyonga, akasema shida yake haraka haraka kama mtu anayeogopa kuishiwa pumzi: kikao cha tume, jengo, antena, paa. Alisema pia kwamba anajua kitakachosemwa huko huenda kisimfurahishe mzee, na kwamba akikataa hatamlaumu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Paa ni lako, Mama Kitinda," alisema. "Mwambie fundi aje muda wowote anaotaka."

Tangu moto, hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Watu walilikwepa lile jina, wakashika lile la kazi yake. Bi Cherehani aliitikia kwa kichwa, akarudi kwake.

Jumatatu Fundi Mnara alipiga bolti nne kwenye zege, akasimamisha bomba, akaelekeza antena. Alivusha waya, akaufunga vizuri usipigwe na upepo, akateremka kuja sebuleni kutafuta chaneli. Nguvu themanini. Ubora tisini na mbili. Picha ilipotulia, alikuwa ni mtangazaji wa habari za mchana, na Bi Cherehani alisogea akakaribia kioo. Aliona nyuzi za koti la mtangazaji. Aliona kwamba kola imeshonwa vibaya, upande mmoja umepanda, na kwamba mtu fulani amejaribu kuinyoosha kwa pasi akashindwa. Akamwambia fundi kwamba Kitinda asingeipitisha kola ile. Fundi hakujua Kitinda ni nani, lakini alivua kofia.

Jumatano, saa tatu kasoro, Bi Cherehani aliweka kiti cha pili mbele ya televisheni. Alikuwa amewaza kwamba mtu aliyempa paa lake atakaa juu peke yake na redio, akisikiliza mwanawe akitajwa na watu asiowaona. Akatoka mlangoni, akamwita. Mzee alikuja amevaa shati la kutokea, akasogeza kiti kidogo karibu na mlango, akakaa.

Meneja alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, amenyolewa safi. Picha ilikuwa wazi kiasi kwamba jasho la juu ya mdomo lilionekana. Alijibu vizuri, kwa adabu, na kila alipoulizwa kuhusu mlango alimtazama wakili wa kampuni aliyekaa kando yake kabla ya kufungua kinywa. Alisema suala la funguo lilikuwa la walinzi. Bi Cherehani hakupepesa. Nyuma yake alimsikia mzee akipumua kwa taabu.

Kisha mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, akasema kwamba asubuhi ile ile polisi wameleta maboksi ya makaratasi kutoka ofisi kuu ya kampuni, na ndani yake kuna daftari la zamu ambalo ilidhaniwa limeungua. Wakili wa kampuni alilidaka kabla wengine hawajalishika. Alisoma mstari mmoja kwa sauti kubwa: "Saa kumi na mbili asubuhi, nimefunga mlango wa nyuma." Akarudia neno nimefunga. Akasema mlinzi amejihukumu kwa mkono wake. Akaliinua daftari, na kamera ikausogelea ukurasa, ukajaa kioo chote.

Mzee Chapa aliinama, akaficha uso.

Lakini Bi Cherehani alikuwa ameshainuka. Chini ya ule mstari kulikuwa na maandishi mengine, madogo, yamebanwa pembeni kwa sababu nafasi ya fomu ilikwisha. Macho yake ya karibu hayakuwa mazuri, lakini kila herufi ilikuwa imesimama pale mbele yake kama imechapwa. Alisoma kwa sauti, polepole.

"Kwa amri ya meneja. Nimemwambia watu wakiingia kazini ufunguliwe. Amesema si kazi yangu. Ufunguo amechukua yeye."

Ukurasa ukaondoka. Wakili alikuwa tayari anafunga daftari.

Mzee alikuwa amesimama. Hakuuliza kama amesoma sawa. Alisema aliinua uso aliposikia akisoma, akauona mlalo wa mwandiko wa mwanawe, hata kama maneno hakuyapata. Alimfundisha mwenyewe kuandika pembeni karatasi inapokwisha, kwa sababu kwenye kiwanda cha chapa karatasi haikutupwa. Bi Cherehani akamwambia akae.

Familia za waliokufa zilikuwa na wakili wao, binti mdogo mwenye bidii, na namba yake Bi Cherehani alikuwa ameiandika kwenye kalenda. Alipiga mara tatu haikupokewa, maana kikao kilikuwa kinaendelea. Wakati wa mapumziko ya mchana ikapokewa. Bi Cherehani alimweleza alichokisoma, neno kwa neno, na mahali kilipo kwenye ukurasa. Binti akamuuliza amekionaje, maana wao ukumbini hawajapewa nakala na daftari limewapita kama upepo. Akamjibu kwamba amekiona kwenye televisheni.

Saa nane na nusu wakili wa familia aliomba daftari. Wakili wa kampuni akapinga. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akapewa, akavaa miwani. Akasoma kimya kwanza. Halafu akausoma ukurasa wote kwa sauti, mpaka pembeni, na alipofika mwisho akamtazama meneja. Safari hii meneja alimtazama wakili wake na wakili alikuwa anatazama meza.

Bi Cherehani alikuwa amengoja miaka miwili auone uso ule. Alipouona, alishangaa kwamba haukumpa raha aliyoitarajia. Alikuwa ni mtu mwenye woga, basi. Aliona zaidi kitu kingine, kijana amesimama uani na mikono mbele, na yeye anaanua shuka.

Akapunguza sauti ya televisheni. "Mzee, unayo namba ya mwanao?"

Mzee Chapa aliitikia kuwa anayo. Alisema huwa wanaongea Jumapili, mambo ya afya tu. Akatoa simu, akaisogeza karibu na jicho, akabonyeza, akaanza kumweleza mtoto wake kilichosomwa, lakini alifika katikati akashindwa kuendelea. Akamnyooshea Bi Cherehani simu, akaenda kusimama kizingitini.

"Ni mimi, Mama Kitinda," alisema.

 Kijana akamwamkia, kwa sauti ya chini kabisa, akaitikiwa.

"Ulikuja kwangu kuniambia," Bi Cherehani alisema. "Uliyosema yalikuwa kweli na mimi sikukusikiliza. Ninakuomba radhi, mwanangu."

Kijana alijaribu kusema si kitu, mama, kisha akalia. Bi Cherehani hakumnyamazisha. Alishika simu, akangoja, akisikia geti la ghala likifungwa huko aliko na mtu akimwita arudi kazini. Alipotulia, alimuuliza kama anakula vizuri, na anakaa na nani. Akajibu kwamba anakaa peke yake. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba Kitinda alikuwa akifika kiwandani wa kwanza kila siku, na asubuhi ile walipishana getini, Kitinda akamtania kuhusu viatu vyake vya ulinzi. Alikuwa mchangamfu, alisema. Alikuwa anacheka.

Bi Cherehani akamwomba amsimulie tena, taratibu, utani wenyewe ulikuwa upi. Akasimuliwa.