Alama ya Mpira

Mama yangu ni fundi cherehani, na kila alichonacho hukifunga kwa mpira wa kiunoni, vile vipande vinavyobaki akishashona sketi za watu. Funguo, vijiko, pochi, hata miswaki. Angeweza angenifunga na mimi nisiolewe. Kwa hiyo tulipaswa kukumbuka. Hatukukumbuka, kwa sababu tulikuwa tumeshampata wa kumlaumu.

Bibi aliacha sarafu za zamani za fedha, akasema nipewe siku nikiolewa. Alipofariki, zilikabidhiwa kwa mkaza mjomba, mjane wa kaka yake mama, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza bibi hadi mwisho. Wiki ya harusi yangu akazileta kwenye kikopo kile kile cha bati alichopewa. Mama akafungua kifuniko, uso ukambadilika. Sarafu tulizozijua ziling'aa. Hizi zilikuwa za kahawia, nyingine zina bluu pembeni, mbili nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Wifi, hizi siyo," mama akasema.

"Ndizo hizo hizo. Nilivyopewa ndivyo nilivyoziweka. Mpira tu ulikatika wenyewe, nikautupa."

"Fedha haiwi nyeusi! Umezibadilisha. Nyumba nzima ina wageni, unataka kunivua nguo mbele za watu?" Kisha akanigeukia. "Hebu angalia mkoba wake."

Nilingoja mkaza mjomba akasirike. Aliinua tu mikono yake kutoka juu ya mkoba. Nikauchukua mkoba mapajani mwake, nikaumwaga mezani mbele ya mama mkwe wangu mtarajiwa: vidonge vya presha, leso, kitana, nauli iliyokunjwa ndogo ndogo, na nusu biskuti aliyomwekea mjukuu wake. Basi. Alivikusanya kimoja kimoja, akaaga kila mtu kwa heshima, akaondoka. Nami nikabaki nimesimama na chembe za biskuti vidoleni.

Kesho yake mama akanikokota kwa sonara, kifua mbele, akathibitishiwe kuwa ameibiwa. Sonara akazipima, akazigeuza, akatabasamu.

"Mama, hii ni fedha halali kabisa."

"Mbona nyeusi?"

"Fedha na salfa haviivi chungu kimoja. Vikikutana, fedha hubadilika rangi. Huanza kama chai, ikaja zambarau, bluu, mwisho nyeusi. Salfa imo kwenye moshi, kwenye mayai, kwenye mpira. Na kikopo kikifungwa, ndiyo zaidi." Akasogeza zile mbili nyeusi kwenye taa. "Hizi zilikuwa juu na chini ya rundo. Zilifungwa kwa mpira. Unaona mstari?"

Mstari mweusi zaidi ulikatiza katikati ya sarafu, mpana, una vijifereji vyembamba. Mkono wa mama ukapanda wenyewe shingoni, ukashuka na futi yake ya kupimia nguo. Hakuhitaji kupima. Upana huo anaujua hata akiwa amelala. Pochi yake ilikuwa juu ya kaunta, imefungwa kwa mpira wa upana ule ule. Akaivuta polepole, akaificha chini ya mtandio. Siku ya matanga ya bibi ni yeye aliyezipanga zile sarafu, akazifunga, akazitia kikoponi. Nililiona jambo hilo linamfikia, nikatamani sakafu ipasuke.

"Zisugue," akasema haraka. "Zing'ae zote."

"Usiziguse," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpinga mama mbele ya mtu baki.

Tukaenda kwa mkaza mjomba nazo hivyo hivyo. Mama, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa ya maneno, alikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Mwishowe akaweka sarafu yenye mstari mezani na pochi yake pembeni yake, akaangua kilio. Mkaza mjomba akaviangalia vyote viwili, akaelewa.

"Yameisha, wifi," akasema. "Kunywa chai." Mimi nilisema nisamehe, akanipapasa bega. Nilitoka mule nimefurahi, naona tumepona.

Siku ya harusi alikuja mapema, amependeza, akapiga vigelegele kuliko wote. Nilikuwa nimekwishavaa, sarafu za bibi zimetungwa mkufu, zimening'inia kifuani na weusi wake. Ndipo nilipoona ameshika vitu vyake mkononi.

"Mkoba wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeuacha nyumbani, mwanangu. Nisiwape shida." Hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu anayevua viatu mlangoni. Muziki ukaanza, akanyoosha mkono. "Nishikie nicheze."

Vidonge, leso, nauli iliyokunjwa ndogo ndogo. Mpiga picha akaniambia niweke kando vile vitu nishike maua. Sikuweza. Kwenye picha zote za harusi yangu nimeshika nauli ya mkaza mjomba.